Mgahawa wa Kichina

Mgahawa wa Kichina ni mahali panapopikwa na kuuzwa vyakula vyenye asili ya China. Wateja hula hapohapo au huchukua chakula kwenda kula nyumbani. Migahawa ya aina hii imeenea katika mabara yote yanayokaliwa na watu. Katika Afrika ya Mashariki hupatikana zaidi katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Watu wengi wanaokwenda mgahawa wa Kichina kwa mara ya kwanza huhofia vijiti vya kulia. Kwa kweli vijiti ni jambo dogo, kwa kuwa uma na kijiko huletwa vikiombwa. Jambo kubwa zaidi ni mpangilio wa mlo: namna ya kuagiza, namna ya kugawana, na maana ya maneno yaliyomo katika orodha ya vyakula. Makala hii inaeleza mambo hayo kwa mifano ya Tanzania, hasa Tunduma na mkoa wa Songwe, ambako reli iliyojengwa na China huvuka mpaka kuingia Zambia.

Historia

Asili yake China

Migahawa ilikuwepo China karne nyingi kabla ya kuenea Ulaya. Mji wa Kaifeng ulikuwa mji mkuu wa nasaba ya Song ya Kaskazini (960–1127). Mwandishi Meng Yuanlao, aliyeishi huko kabla ya mji kutekwa, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1147 na kueleza nyumba nyingi za chakula, vilabu vya pombe na wachuuzi wa usiku. Baadhi ya nyumba hizo zilipika vyakula vya kusini kwa ajili ya wafanyabiashara na maofisa waliotoka kusini na ambao hawakuzoea chakula cha kaskazini.

Kwa hiyo tangu zamani mgahawa ulikuwa mahali pa mtu aliye mbali na kwao. Hali hii inafahamika vizuri Tunduma. Mji huo wa mpakani una madereva wa malori, wapiga debe, mawakala wa forodha na wasafiri, na mama lishe huwapikia watu ambao jiko la nyumbani liko mbali.

Kuenea duniani

Katika karne ya 19 Wachina wengi waliondoka kwao kutafuta kazi, hasa kutoka mkoa wa Guangdong ulio kusini. Dhahabu ilipogunduliwa California, baadhi yao walifika San Francisco, na mwaka 1849 tayari mji huo ulikuwa na mgahawa wa Kichina. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, lakini wafanyabiashara hawakuzuiwa. Mwaka 1915 mahakama iliamua kuwa mwenye mgahawa anaweza kuhesabiwa kuwa mfanyabiashara. Uamuzi huo ulikuwa sababu mojawapo ya migahawa ya Kichina kuongezeka nchini humo.

Wapishi waliokuwa ugenini walibadili mapishi kufuatana na ladha za wateja wao na vitu vilivyopatikana sokoni. Ndiyo sababu chakula cha Kichina cha London, Mumbai, Lima na Dar es Salaam hakifanani kabisa.

Tanzania na reli ya TAZARA

Tanzania na China zina uhusiano wa kibalozi wa tangu enzi za Tanganyika na Zanzibar kabla ya Muungano wa 1964. Tukio lililoleta Wachina wengi zaidi nchini lilikuwa ujenzi wa reli ya TAZARA. Mkataba wa Tanzania, Zambia na China ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970, ukakamilika mwaka 1975, na reli ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kati ya hizo, kilomita 975 ziko Tanzania na 885 ziko Zambia.

Makumi ya maelfu ya Wachina walifanya kazi hiyo kwa zamu pamoja na Watanzania na Wazambia. Zaidi ya Wachina 60 walifariki wakiwa kazini, na wengi wa waliofariki Tanzania wamezikwa katika makaburi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Reli ilifika mpakani Tunduma mwaka 1973. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya; mkoa wa Songwe, wenye makao makuu Vwawa, ulianzishwa mwaka 2016.

Katika kambi za ujenzi Wachina walilima bustani za mboga na kupika chakula cha kwao. Kwa kawaida wao na wenzao Waafrika walifanya kazi bega kwa bega lakini walikula kila kundi upande wake. Jiko la kambi lilikuwa la wafanyakazi tu, wala halikuuza chakula kwa wananchi. Kwa hiyo reli ilipita katika wilaya nyingi bila kuacha migahawa njiani.

Migahawa iliyopo leo ilitokana zaidi na biashara, makampuni ya ujenzi na utalii. Dar es Salaam migahawa hiyo iko katikati ya jiji na katika rasi ya Msasani, yaani Masaki na Oysterbay. Wakazi wa Songwe wengi huikuta wakiwa safarini. Wafanyabiashara huikuta wanapofuata bidhaa Dar es Salaam, na wengine hukutana na chakula hicho kwao hasa, katika mji wa Guangzhou, ambako Watanzania wengi huenda kununua bidhaa za jumla.

Chakula na mboga

Mlo wa Kichina una sehemu mbili. Ya kwanza huitwa "fan", yaani wali au chakula kingine cha nafaka. Ya pili huitwa "cai" (hutamkwa karibu na "tsai"), yaani vyote vinavyoliwa pamoja na nafaka hiyo.

Neno "cai" lina maana mbili: mboga za majani, na pia kitoweo cha aina yoyote, hata kikiwa nyama au samaki. Mtu anayesema Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa neno "mboga" linafanya kazi ileile. Mama anapoulizwa "Leo mboga ni nini?" anaweza kujibu "mchicha" au "dagaa" au "nyama", na hakuna atakayeshangaa. Upande wa pili wa mpaka, Wazambia nao hutofautisha nshima na kitoweo chake, ambacho Wabemba hukiita "umunani".

Pia "fan" si wali peke yake. Kusini mwa China watu hula wali zaidi, na kaskazini hula zaidi vyakula vya ngano kama tambi na mikate ya mvuke. Tanzania ina tofauti ya namna hiyo: ugali wa mahindi Mbozi, wali Kyela, ndizi Rungwe na Kagera.

Kwa hiyo anayeuelewa mlo wa ugali na mboga anauelewa mlo wa Kichina katika msingi wake. Nafaka haina ladha kali na kazi yake ni kushibisha. Mboga ina chumvi na viungo, na huliwa kidogokidogo pamoja na nafaka. Anayekula mboga peke yake atasema chakula kina chumvi mno, kama mtu anayekula dagaa bila ugali.

Upishi

Chombo kikuu cha jikoni ni karai la chuma. Vitu vyote hukatwa vipande vidogo kabla ya moto kuwashwa. Karai hupashwa moto mkali sana, mafuta hutiwa, kisha vitunguu saumu na tangawizi, halafu nyama au mboga. Mpishi hugeuzageuza bila kupumzika na chakula huiva kwa dakika chache. Vipande vidogo huiva haraka na kuokoa kuni au gesi, tena huondoa haja ya kisu mezani.

Njia nyingine ni kupika kwa mvuke, kuchemsha, kukaanga kwa mafuta mengi na kuchoma. Sosi ya soya, ambayo hutengenezwa kwa soya, ngano, chumvi na maji yaliyochachushwa, hutumika karibu kila mahali. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa maji mpaka yakawa kama jibini laini.

Upishi hutofautiana kwa mikoa. Guangdong hupenda ladha nyepesi na samaki wa mvuke. Sichuan hutumia pilipili kwa wingi pamoja na kiungo kinachotia ganzi ulimini. Kabla ya kuagiza ni vizuri kuuliza kama sahani ina pilipili na ni kali kiasi gani.

Kuagiza chakula

Kosa la kawaida la wageni ni kila mtu kuagiza sahani yake. Katika mgahawa wa kawaida wa Tanzania hilo ni sawa, kwa sababu sahani moja huwa na wali, nyama, maharage na mboga pamoja. Katika mgahawa wa Kichina sahani moja huwa na kitu kimoja tu, nayo ni ya meza nzima. Mpangilio wake unafanana na sinia la nyumbani.

Kanuni rahisi ni kuagiza idadi ya sahani za mboga inayokaribia idadi ya watu, pamoja na wali wa kutosha na supu ikihitajika. Watu wanne wanaweza kuagiza sahani moja ya nyama au kuku, moja ya samaki au tofu, na moja ya mboga za majani. Tuseme kila sahani ni shilingi 20,000 na bakuli kubwa la wali ni shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 70,000, yaani shilingi 17,500 kwa kila mtu, na kila mmoja ameonja vyakula vitatu. Watu haohao wakiagiza kila mmoja sahani yake watalipa shilingi 80,000 kabla ya wali. Huenda mmoja akajikuta na bakuli la nyama tupu na mwingine na majani matupu.

Wali huagizwa peke yake. Katika karamu za Kichina wali au tambi huletwa mwishoni, baada ya mboga. Mgeni asiyejua hungoja "chakula" kije huku mboga zinapoa. Anayetaka wali wake pamoja na mboga amwambie mhudumu mapema. Ombi hilo si la ajabu.

Neno "nyama" na miiko ya chakula

Ikiwa neno "mboga" linawaunganisha Mswahili na Mchina, neno "nyama" linaweza kuwapoteza. Tanzania, mtu akisema "nyama" bila kuongeza neno, kwa kawaida ana maana ya ng'ombe. Katika Kichina, neno "rou" (nyama) likisimama peke yake kwa kawaida lina maana ya nguruwe. Nyama nyingine hutajwa kwa jina la mnyama.

Maneno yafuatayo husaidia kusoma orodha ya vyakula:

- zhurou: nyama ya nguruwe
- niurou: nyama ya ng'ombe
- yangrou: nyama ya kondoo au mbuzi
- ji au jirou: kuku
- ya: bata
- yu: samaki
- doufu: tofu

Kwa Waislamu, Wasabato na wengine wasiokula nguruwe, kuangalia jina la sahani hakutoshi. Nyama ya nguruwe iliyosagwa hutiwa mara nyingi katika sahani zinazoonekana za mboga tu, kama maharage mabichi ya kukaanga, bilinganya, au tofu ya Sichuan iitwayo mapo. Vifurushi vya unga viitwavyo jiaozi mara nyingi hujazwa nguruwe. Baadhi ya wapishi hukaangia mafuta ya nguruwe, na mvinyo wa mchele hutiwa katika michuzi. Swali linalofaa ni hili: "Ndani yake kuna nguruwe, mafuta ya nguruwe au pombe?" Swali la "Hii ni mboga tu?" linaweza kupata jibu la ndiyo kutoka kwa mhudumu mwaminifu kabisa, na bado chakula kikawa na nyama.

China yenyewe ina mamilioni ya Waislamu, wakiwemo Wahui. Migahawa yao hutumia neno "qingzhen" kwa chakula cha halali, na mojawapo ya vyakula vyao mashuhuri ni tambi za nyama ya ng'ombe za mji wa Lanzhou. Mfanyabiashara Mwislamu anayefika Guangzhou anaweza kutafuta neno hilo kwenye vibao vya migahawa.

Afya

Karanga hutumika katika sahani kadhaa, kama kuku wa Sichuan aitwaye gongbao; migahawa mingine hutia korosho badala yake. Mwenye mzio wa karanga, soya, ngano, kamba au chaza aseme kabla ya kuagiza, kwa kuwa karai moja hupika sahani nyingi.

Sosi ya soya ina chumvi nyingi. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya kawaida kina chumvi ya gramu 2 au zaidi kidogo, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Mwenye shinikizo la damu anaweza kuomba sosi ipunguzwe, na asimimine mchuzi wote juu ya wali.

Kuna imani kwamba kiungo cha ajinomoto huleta maumivu ya kichwa kwa walaji wa chakula cha Kichina. Kiungo hicho kiligunduliwa Japani mwaka 1908 na mwanakemia Kikunae Ikeda. Hofu ilienea baada ya barua ya daktari mmoja kuchapishwa katika jarida la tiba la Marekani mwaka 1968. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha kwamba kiungo hicho, kwa kiasi cha kawaida katika chakula, huwadhuru watu kwa jumla.

Adabu za mezani

Meza mara nyingi ni ya duara na ina sinia la kuzunguka katikati. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyepambana na tauni kaskazini mashariki mwa China miaka ya 1910 na 1911, alipendekeza sinia la namna hiyo mwaka 1915, pamoja na vijiko au vijiti maalumu vya kupakulia, ili watu wagawane chakula bila kugawana magonjwa. Ushauri huo bado unafaa: kijiko cha kupakulia kisiingie kinywani.

Adabu nyingine ni hizi:

- Wazee na wageni hutangulia kupakuliwa, kama ilivyo desturi ya Watanzania.
- Mtu hupakua kilicho karibu naye, wala hachagui minofu kwa kupekua sahani.
- Kabla ya kuzungusha sinia huangaliwa kama kuna mwingine anayepakua.
- Mtu huwamiminia chai wenzake kabla ya kujimiminia mwenyewe. Birika likiisha, kifuniko huachwa wazi kidogo ili mhudumu aongeze maji.
- Vijiti havisimamishwi ndani ya wali, kwa sababu hufanana na ubani unaochomwa kwa ajili ya wafu. Hulazwa pembeni.
- Bakuli la wali laruhusiwa kuinuliwa karibu na mdomo.

Kwa kawaida aliyealika ndiye hulipa. Kulipa bakshishi si desturi ya China. Tanzania ni hiari ya mteja. Chakula kilichobaki kinaweza kufungwa na kuchukuliwa nyumbani bila aibu.

Haki ya mteja

Mgahawa ni biashara ya watu wote. Mwezi Machi 2015 vyombo vya habari vya Kenya viliripoti kwamba mgahawa mmoja wa Kichina jijini Nairobi uliwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Habari hiyo ilileta hasira kubwa, na mamlaka ziliufunga mgahawa huo kwa kukosa leseni zinazotakiwa.

Tanzania, ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inaeleza usawa wa watu mbele ya sheria na kukataza ubaguzi. Mteja ana haki ya kuona bei kabla ya kuagiza, kujua kilichomo katika chakula, na kupewa risiti baada ya kulipa.

Chainizi mkoani Songwe

Hata asiyewahi kuingia katika mgahawa wa Kichina ameonja kitu cha China. Chainizi, mboga ya majani inayouzwa kwa fungu katika masoko ya Tunduma, Mlowo na Vwawa, ni aina ya kabichi za Kichina (Brassica rapa). Jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "ya Kichina". Hustawi katika hewa ya baridi ya nyanda za juu na huvunwa baada ya wiki chache tangu kupandwa.

Watanzania wengi huikatakata nyembamba na kuipika kwa kitunguu na nyanya, na wengine huongeza karanga. Wachina huikata vipande vikubwa au kuacha majani mazima, wakaikaanga kwa vitunguu saumu katika karai lenye moto mkali kwa dakika mbili au tatu, ikabaki ya kijani na yenye kutafunika. Jaribio hilo huwezekana katika jiko lolote la mkaa, mradi mkaa uwe umekolea na majani yakaushwe maji kabla ya kutiwa kwenye mafuta. Mboga hiyo huliwa na wali; kwa ugali pia inafaa.

Tazama pia

- Chakula
- Kabichi
- Mkoa wa Songwe
- TAZARA
- Tofu
- Tunduma
- Ugali
- Wali